Ua Lililochagua Siku ya Posa

Mimi ni mtu wa haraka, na sioni haya kusema. Kule Gisozi kwenye karakana zetu za fanicha, mteja akianza kuzunguka maneno namwuliza tu: unataka kitanda au hutaki? Ndiyo maana ukoo wetu hunipa kazi ya msemaji kwenye sherehe za posa. Wasemaji wengine hukalisha watu mpaka soda zinachemka mezani. Mimi nawabishia wageni kidogo, kama mila inavyotaka, nawapa mke wao, tunakula.

Sasa sikia nilivyopatikana.

Siku ya posa ya Kirezi, binti wa marehemu mdogo wangu, niliyemlea mwenyewe, tulifunga mahema nyumbani kwetu Gahanga. Wageni walikuwa wameanza kushuka kwenye magari. Niko ndani nafunga vazi langu vizuri begani, mara Kirezi akaingia mbio, amevaa mushanana wake wa rangi ya dhahabu, simu mkononi, shangazi yake Mukunde nyuma yake na pini mdomoni.

"Baba mkubwa, ile ua iko inafunguka! Angalia kamera!"

Sikuuliza ua gani. Kirezi anafanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa miti ya matunda, yeye na mchumba wake, Mutabazi. Wamechukua mparachichi, mti ambao ukiupanda kwa kokwa unaweza kukukalisha miaka bila hata ua moja, wakauongezea jeni ya kuuambia uchanue mapema. Sasa wana kimti kinachonifika gotini, kimefungiwa kituoni ndani ya nyumba ya kioo yenye kamera, na tayari kina maua. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilicheka kwa dharau. Mti unaozaa kabla ya kubalehe! Mambo gani hayo?

Kirezi hakubishana. Alininyooshea kidole mparachichi wa uani. Mama yangu, Bibi Mukandekezi, aliupanda siku tuliporudi kutoka Tanzania. Aliumwagilia, akaukinga na mbuzi, akangoja mpaka watu wakaacha kumwuliza. Ulipozaa hatimaye, matunda, avoka kama mama anavyoyaita, yalikuwa maji matupu. Kirezi alikuwa mtoto, na alimwona bibi yake akitafuna, akimeza. "Mvumilivu hula mbivu," mama alisema mwishowe, "lakini hili hata mbuzi atalikataa." Sisi tulicheka. Kirezi alilia.

"Mutabazi aende huko kituoni," nikamwambia Kirezi.

"Mutabazi si ndiye bwana harusi? Yuko pale nje na wazee wake! Mkuu wetu yuko safarini. Tuna ruhusa ya kuingia sisi tu."

Akanieleza tena, upesi upesi. Ua la parachichi hufunguka kwanza likiwa jike, kwa saa chache tu, kisha hujifunga. Kesho yake hufunguka likiwa dume. Ukikosa kulipaka chavua ya mti mwingine katika ule ujike wake, umelikosa. Na kimti kile kilikuwa kimepukutisha maua yake yote, kimebakiza hilo moja. Walilitazamia wiki inayofuata, lakini jua la siku zile lilikuwa kali.

"Tukilikosa tunaanza upya. Na Bibi..." Hakumaliza. Tangu mwaka uanze mama alikuwa akigawa vitu vyake, kitenge kwa huyu, mkeka kwa yule, kama mtu anayeaga. Mukunde alikuwa amepewa kikapu kile kikubwa, na kila akikitazama machozi yanamlenga.

"Nenda," nikasema. "Nitawashika wageni."

"Wewe?" Mukunde alitema pini. "Wewe utamshika nani?"

Kirezi alitokea mlango wa jikoni, akapanda moto, pikipiki ya abiria, kofia juu ya ushanga wa kichwani, mushanana umekusanywa mapajani. Aibu ilinishika, na furaha pia, sijui ipi ilitangulia.

Nikatoka nje kukaa mbele ya wageni. Msemaji wao alikuwa Twizeyimana, mjomba wa Mutabazi, fundi cherehani wa Biryogo, mzee mwembamba mwenye maneno mengi kuliko uzi dukani kwake. Kwa mara ya kwanza maishani nilifurahi kukutana na mtu wa aina hiyo.

Nikawasema kwa kuchelewa. Akajibu kwa kuwasifu babu zetu mmoja mmoja. Nikamwuliza wametufahamu vipi. Akatueleza tangu enzi za mvua za kwanza. Nikadai ng'ombe wao wamekonda. Akamwita mtu awaimbie sifa ng'ombe hao, akaimba mpaka koo likakauka. Nikachungulia mlango wa nyumba. Mukunde akatikisa kichwa.

Maneno yalipoanza kunipungukia, nikasema kweli tupu: "Binti yetu hayupo. Amekwenda kulisaidia ua lipate mtoto."

Hema zima lilipasuka kwa kicheko. Si ndiyo mila, kudanganya kwamba binti hayupo? Walinipigia makofi. Mutabazi peke yake hakucheka. Alikuwa akiminya simu yake kama limau.

Basi nikajisahau. Jua lilikuwa kichwani, harufu ya nyama inakuja kutoka jikoni, na Twizeyimana akanyamaza kidogo kunywa maji. Mdomo wangu ukafanya kazi yake ya siku zote: "Haya, tumekubali! Tumewapa mke, mchukueni tule!"

Vigelegele vikapanda. Ngoma ikaanza. Watu wote wakageuka kuutazama mlango ambao bibi harusi alipaswa kutokea, na nyuma ya mlango ule alisimama Mukunde peke yake, ameshika kichwa. Nilijua nimeiumbua familia na nimemwumbua Kirezi.

"Hapana!" Twizeyimana alisimama. Ngoma ikakatika. "Sisi si watu wa kupewa mke mbio mbio kama tunauziwa kitanda Gisozi. Haraka haraka haina baraka. Mzee wangu, hukutuuliza hata tutamlisha nini! Kaa chini, nikueleze mashamba yetu."

Akayaeleza. Alianza na mihogo. Mimi nilikaa nikimtazama, haraka yangu yote imeniishia, kwa kuwa alipofika kwenye maharage alinikonyeza. Alijua! Kirezi alimwandikia Mutabazi, Mutabazi akamnong'oneza mjomba wake, na mzee huyu alikuwa amenikinga tangu mwanzo huku mimi nikiwatukana ng'ombe wake.

Alikuwa bado kwenye ndizi nilipousikia mlio wa moto. Mlango ukafunguka, na Kirezi akatokea akicheza katikati ya wasichana wenzake, alama ya kofia kwenye paji la uso, vumbi la Gahanga mpaka magotini. Sijawahi kuona bibi harusi mzuri kama huyo, na nimewahi kuoa. Mutabazi alisimama kabla ya kuruhusiwa.

"Umeipata?" akapaza sauti mbele za watu wote.

"Nimeipata! Iko na chavua yote!"

Wageni hawakuelewa, lakini walishangilia. Mimi na Twizeyimana tulikumbatiana kama tuliozaliwa tumbo moja.

Mama aliomba aelezwe. Kirezi alipiga magoti mbele ya kiti chake, akamwambia kwamba haijulikani bado kama ua litashika. Likishika, kokwa lake litapandwa, na watoto wake nao watachanua wakiwa wadogo, kwa hiyo ladha itajulikana mapema na miti mibaya itaachwa. Ile jeni haitatoka kwenye kioo. Mwishoni watachagua mjukuu mwenye utamu asiyeibeba, wabandike kitawi chake kwenye kisiki cha ule mti wa uani ukishakatwa.

"Ni miaka michache, Bibi. Si kama ile."

Mama akageuza kichwa, akamtafuta Mukunde kwa macho katikati ya watu.

"Mukunde," akaita. "Nirudishie kikapu changu. Hizo avoka nitabebea nini?"