Mtunza Ghala na Shela la Bibi Harusi

Kompyuta ya mama watoto ilipougua virusi hadi ikazimia, mumewe, mtunza ghala mstaafu, alijitwika kazi ya kuitibu. Aliung'oa mfumo wa zamani, akaweka mwingine wa bure uitwao Linux, akapiga kifua. "Imepona, mke wangu. Sasa nakutafutia programu ya kudarizi."

Shela la bibi harusi lilikuwa limetandikwa kwenye cherehani ya mkewe, jeupe pe, na shangazi wa bibi harusi angekuja kulichukua jioni hiyo hiyo. Cherehani ile huongozwa na kompyuta; bila programu isingejua kudarizi ua wala jani.

Basi mzee akafungua duka la programu. Lahaula! Vitu vyote bure. Tangu enzi za ghalani hakuweza kuvumilia rafu tupu, na diski ya kompyuta ile ilikuwa na nafasi hadi inatia huruma. Akapakua ramani ya nyota. Akapakua drafti, piano, kitu cha kupimia matetemeko ya ardhi, na vingine visivyo na idadi. Kila kilichoingia alikikagua, maana mzigo usiokaguliwa haupokelewi. Piano aliikagua asubuhi nzima.

"Ya kudarizi umeipata?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Niko njiani."

"Njia gani hiyo yenye piano?"

Mchana aliipata kweli. Akabonyeza, kompyuta ikagoma: nafasi imekwisha. Aibu ikamshika. Akaanza kufuta alivyovipakua, lakini kila kimoja alikifungua kwanza ili akiage, mpaka mkewe akaja kumpokonya kipanya.

"Ondoka hapo, baba watoto! Mzaha mzaha hutumbuka usaha."

Akavifuta vyote bila huruma. Mzee aliumia moyo, ile piano hasa.

Programu ya kudarizi ikaingia. Chini yake duka likaonyesha nyingine zinazofanana nayo. Mama watoto akavuta kiti.

"Hii inapanga rangi za nyuzi. Ngoja niione." Kisha, "Hee! Hii inageuza picha kuwa mshono!" Kisha akafungua nyingine, na nyingine, macho yamemtoka.

Mzee alikohoa. Alikohoa tena. Jua likashuka, mlango ukagongwa, na shela halikuwa limeguswa hata na sindano.

"Mke wangu, shangazi wa bibi harusi huyo."

"Mkaribishe, mpe kiti. Namalizia kuangalia hii moja tu."

Mzee akaenda kumkabili mgeni mikono mitupu, jasho likimtiririka. Miaka yote ya ndoa, ndiyo kwanza akajua adha ya kuoana na mtu kama yeye.