Vinguzo Mia na Ishirini

Tangu mkewe azikwe, mkereza vyuma wa maabara hakuwa na wa kuongea naye akifika nyumbani. Alifungua mlango, akaweka sahani moja mezani, akamwomba Mungu ampe usingizi, basi. Ndiyo maana aliipenda kazi. Pale walau walimwita Mzee Rula na kumtania.

"Mzee Rula, hata kikohozi chako unakipima?"

"Kikizidi milimita mbili nakikata," naye hujibu.

Mwezi huo mtafiti waliyemwita Daktari, mwanamke wa umri ambao angekuwa nao bintiye kama angejaliwa binti, alimpa mchoro wa bamba la alumini lenye vinguzo mia na ishirini, kila kimoja kidogo kama ncha ya kidole. Alimweleza wamesimama, maana siku zote alikuwa na haraka. Bamba likitikiswa upande mmoja, mawimbi hukimbia ndani yake hadi mwisho. Vinguzo vikikaa inavyotakiwa, huyanasa njiani, na pembe ya mbali hubaki tuli. Kwenye pembe hiyo kingewekwa chombo cha kupimia kisichovumilia hata kishindo cha nyayo.

"Kwa hiyo si ugumu wa chuma," mzee alisema.

"Alumini ni ileile, baba. Kazi inafanywa na mpangilio."

Alipoketi kwenye kerezo, mashine yake ya kuchongea vyuma, aliona vimo vya safu vinapishana, nusu milimita hapa, robo pale. Akaingiwa na huruma. Binti wa watu kachora akiwa hoi, kakosea vipimo, wakubwa wakiona watamcheka. Na yeye, miaka thelathini hajawahi kutoa kazi ya vimo vya kupishana. Akavikata vyote sawa, milimita nane, akatumia siku tatu kuvibandika kwa gundi, na furaha moyoni kama mtu anayemsitiri mwenziwe.

Siku ya majaribio Daktari alinyunyiza mchanga mwembamba kwenye ile pembe, akawasha kitetemeshi. Mchanga ukacheza. Akabadilisha kasi ya mtetemo, ukacheza. Kwa kasi moja tu ulitulia, halafu ukaanza tena. Alirudia mpaka saa sita mchana. Mwishowe akazima, akaketi sakafuni.

"Miaka mitatu ya hesabu," alisema taratibu. "Nimekosea mahali na sijui ni wapi. Kesho nawaambia wakubwa wafunge mradi."

"Ulitaka utulie kwa kasi ngapi?" mzee aliuliza.

"Zote. Kila safu na kimo chake, na kila kimo kinanasa kasi yake."

Mzee akatoka, akasimama kwenye ujia kando ya mafagio. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akisema, kazi itapelekwa kwenye mashine za kiwandani, naye ataambiwa apumzike nyumbani, mahali pekee asipotaka kupumzika. "Mola," alinong'ona, "nipe ulimi." Hakupewa kitu ila aibu, na kwa aibu hiyo hiyo akarudi ndani.

"Hukukosea, mwanangu. Ni mimi. Nilivisawazisha."

Daktari alichukua kalipa, akapima safu ya kwanza, ya katikati, ya mwisho. Nane, nane, nane. Akamgeukia mzee.

"Mbona hukuniuliza?"

Mzee alitaka kusema kuhusu wakubwa na kicheko chao. Yakatoka maneno mengine.

"Nyumbani sina wa kumuuliza hata chumvi iko wapi. Nadhani nimesahau namna ya kuuliza."

Daktari hakucheka wala hakumfariji. Alikuwa amekasirika, na ilikuwa haki yake. Akanyanyuka, akatandaza mchoro juu ya meza, akasukuma kigoda kwa mguu.

"Wakubwa watasubiri wiki moja. Kaa hapa, baba. Uliza."

Mzee aliketi. Akaweka kidole kwenye kinguzo cha safu ya kwanza.

"Hiki," alisema, "kwa nini ni kifupi kuliko mwenzake wa safu ya pili?"