Antena, Unashika?

Enzi zile, kabla mambo hayajaharibika, redio ikigoma mtaani ilipelekwa kwa Fundi, basi, hapakuwa na mjadala. Fundi aliipokea kama mgonjwa, akaipigapiga mgongoni na kuiuliza, "Haya bibi, unaumwa wapi?" Kazi ya kutafuta stesheni ilikuwa ya bintiye. Alipewa waya mkononi, akasimamishwa juu ya kigoda dirishani: inua, shusha, geuka kidogo, hapo hapo, usipumue!

"Inashika, baba?" aliuliza mtoto, mkono umekufa ganzi.

"Inashika, mwanangu. Antena yangu wewe."

Jina likamganda. Leo ni mtu mzima, ana watoto wake, na waliokua naye bado wanamwita Antena.

Asubuhi hii alikuwa amesimama nje ya mlango wa karakana ile ile, kikombe cha chai mkononi, hajui aanzie wapi. Baba yake alikuwa amejifungia humo tangu juzi. Hakula kitu. Dawa zake alizirusha dirishani, na bado zilikuwa zimetapakaa uani, vidonge vya manjano kwenye mchanga.

Kaka yake, dereva wa lori, alikuwa ametoka kwenda kutafuta wanaume wawili wenye nguvu, na kamba.

"Nikirudi hajafungua, tunavunja," alisema. "Daktari kasema bila dawa tutampoteza. Unataka tumpoteze?"

Hakuwa mtu mbaya, kaka wa watu. Alikuwa amechoka tu. Lakini Antena aliikumbuka mara ya kwanza walipompeleka hospitali: baba yao kapakiwa kama gunia, mtaa mzima umejipanga kutazama, kiatu chake kimoja kimebaki barabarani. Jamani, unamwambia mtu hakuna anayemwinda, huku unamfunga mikono! Tangu siku ile aliogopa hata ndugu zake wa damu. Akifungwa tena, Antena alijua, watarudi na mwili wake tu. Mtu mwenyewe hawatamwona tena.

Ugonjwa wenyewe ulikuja polepole. Fundi ndiye aliyewafundisha wanawe kwamba spika ni sikio pia. Ile inayosema, ukiiunganisha vinginevyo, inasikia. Hiyo ni kweli, kila fundi anaijua. Zamani aliicheka kama mchezo mzuri. Mama yao alipofariki na nyumba ikawa kimya, mchezo ukamgeukia. Akaanza kusema wapo wanaomsikiliza. Hakuwataja kwa jina, aliwaita "wale".

"Redio inashika stesheni," alinong'ona, "na wale wananishika mimi."

Akang'oa spika za redio zote karakanani, za wateja pia, akazitosa kwenye pipa la maji. Mtaa ukacheka, ukambatiza Fundi Bubu. Mama wa dukani, aliyecheka kuliko wote, ndiye huyo huyo anayefunika simu yake kwa kanga kabla ya kusengenya, ati inamsikiliza. Ila yeye haitwi mgonjwa. Ana wateja.

Daktari aliupa ugonjwa jina lake, akatoa dawa, na dawa ikamtuliza miaka kadhaa. Akarudi kucheka, akarudi hata kushika bisibisi. Mwezi huu vidonge vikaja na rangi nyingine. Dawa ile ile, kiwanda kingine. Kaka akampa bila kusema neno. Loo! Mtu anayehofia sumu, unambadilishia rangi ya kidonge kimya kimya! Hata mimi ningevirusha.

"Baba," Antena aliita mlangoni. "Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Binti yako."

"Binti yangu kaajiriwa na watu wa simu. Anasikiliza watu kutwa nzima na analipwa. Aliniambia mwenyewe."

Antena alifumba macho. Ni kweli, alikuwa akipokea simu za wateja waliopotelewa na salio au laini.

"Nawasaidia tu, baba. Wao ndio wanaopiga."

"Eh! Ndivyo mnavyosema."

Aligonga tena, akabembeleza, mwisho akaapa kwa jina la marehemu mama yake. Mlango haukufunguka. Akarudi jikoni, akaweka chai mezani, akaketi kwenye kiti cha mama yake. Kwa mbali alidhani amesikia lori.

Hapo ndipo alipoliona lile kopo.

Lilikuwa juu ya rafu, nyuma ya masufuria, kopo la maziwa ya unga lenye matundu kitakoni, na waya unaotoka ubavuni na kupenya ukutani. Ndani yake kulikuwa na spika moja ndogo. Kopo la pili lilikuwa karakanani. Fundi aliutengeneza mtambo huo mwaka ule Antena alipougua surua, akazuiwa kutoka nje, akalia kutwa kwamba amemkosa baba yake. Hakukuwa na betri wala umeme, waya mtupu. Ukiongea huku, sauti ilifika kule nyembamba kama ya mbu, ikabidi ubandike sikio. Mama alilitumia kumwitia mumewe chakula, halafu akaishia kupiga kelele dirishani. "Fundi mzima," alisema, "na mimi bado nakauka koo!" Wakacheka wote watatu, wawili jikoni na mmoja karakanani. Kumbukumbu hiyo ilimchoma Antena, tamu na chungu kwa pamoja.

Alijua hakuna maana. Baba aling'oa spika zote. Hata hivyo alipiga moyo konde, akalishusha kopo, akafuta vumbi kwa upindo wa gauni, akaweka mdomo kwenye matundu.

"Karakana. Unashika?"

Akahamisha sikio. Akarudia, kwa sauti ya kitoto aliyodhani imeshamtoka zamani.

"Karakana, unashika?"

Kitu kikakwaruza. Kisha, kutoka mbali sana, kama kutoka mwaka ule wa surua:

"Nashika. Nani yuko jikoni?"

"Antena, baba."

Alimsikia akipumua. "Antena. Umepona?"

Machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Nimepona, baba. Nilidhani umeing'oa hii."

"Nilizing'oa zote. Hii nilishindwa. Najua inasikia, mimi ndiye niliyeitengeneza. Kila siku nakaa hapa naiogopa." Sauti ilipotea, ikarudi. "Lakini ungeniita usinipate, ingekuwaje?"

Nje, lori liliingia uani, milango ikafunguka, wanaume wakashuka.

"Baba, nisikilize. Sikufichi kitu. Kaka amekuja na watu, na wana kamba. Ukifungua mwenyewe, hakuna atakayekugusa, nitasimama mlangoni mimi. Tutakwenda kwa daktari. Dawa ilibadilika rangi na hatukukwambia. Tulikosea."

"Mlikosea," alirudia Fundi taratibu, kama mtu anayelionja neno. "Si wale?"

"Ni sisi."

Antena alikimbia uani, akamkuta kaka yake keshainua mguu kuupiga mlango.

"Thubutu!" alisema, akajibandika mlangoni, mikono ameitanua. Wale wanaume wakatazamana. Kaka akafungua mdomo kumgombeza, na hapo komeo likasikika nyuma ya Antena.

Fundi alitoka amekonda, ndevu zimemjaa, miguuni amevaa viatu vyote viwili, amevifunga kamba vizuri. Kifuani alikumbatia kopo lake, waya wake umekatwa, unaning'inia.

"Weka hiyo kamba, mwanangu," alimwambia mwanawe wa kiume. "Naijua njia ya garini."

Kaka aliiachia. Ilianguka miguuni pake, naye akageukia ukuta asionekane uso.

Chai ilikuwa imepoa. Antena aliionja kwanza bila kuombwa, kisha akampa baba yake, naye akainywa yote. Kwenye lori alikaa katikati ya wanawe. Walipotoka mtaani, mama wa dukani akiwachungulia, Fundi alimpa Antena ncha ya ule waya, akainamia kopo.

"Unashika?"

"Nashika, baba."

"Na wale?"

Antena alitaka kusema hawapo. Alishasema hivyo mara nyingi, na kila mara mlango ulizidi kufungwa.

"Sijui ya wale," alisema. "Mimi nashika."

Fundi akaitikia kwa kichwa, akaegemea kiti. Antena aliinua mkono wenye waya dirishani, na hakuushusha mpaka walipofika.