Mkono Uliobaki na Mtoto

Mshonaji alirudi kazini Jumatatu, mtoto wake akiwa na wiki sita kamili. Alfajiri alikamua maziwa, akayagawa katika vikombe viwili vyenye mfuniko, akampa mama yake maelekezo: maziwa yapashwe ndani ya maji moto, yasiwekwe motoni moja kwa moja, shingo ishikiliwe kila mtoto anapoinuliwa, akishashiba acheulishwe. Mama yake, aliyelea watoto watano bila maelekezo ya mtu, aliitikia tu huku akitafuta miwani. Mshonaji akamlaza mtoto, akavaa viatu, akatoka.

Alipofika kituo cha basi ndipo alipogundua kuwa mkono wake wa kushoto haukuja naye. Alisita kidogo. Akirudi angechelewa, na geti la kiwanda hufungwa saa moja na nusu. Akapanda basi.

Kiwandani walitengeneza mikeka ya kuchezea watoto wachanga: mkeka mnene wa pamba, upinde juu yake, na kwenye upinde nyota na samaki wa kitambaa wanaoning'inia. Msimamizi alipita na daftari lake, akaona mkono mmoja wa blauzi ni mtupu.

"Mwingine uko wapi?"

"Umebaki na mtoto, bosi."

"Wa kulia umekuja?"

"Huu hapa."

Msimamizi akaandika. "Basi nenda ukaguzi. Kule mkono mmoja unatosha."

"Ningeongezewa wiki chache za likizo, ningekuja na yote miwili."

"Likizo ni wiki sita," alijibu, wala si kwa ukali. "Ndivyo ilivyoandikwa."

Kazi ya ukaguzi ilikuwa kuvuta kila nyota na kila samaki kwa nguvu, ili pasitoke kiwandani uzi uliolegea wala kifungo ambacho mtoto angeweza kukimeza. Kufikia saa sita, mshonaji alikuwa amevuta nyota mia tatu.

Nyumbani mambo hayakuwa mabaya. Siku mbili za kwanza mtoto alikataa kikombe, akalia hadi sauti ikakauka, na bibi naye akalia kidogo, akiwa amejificha jikoni. Siku ya tatu mkono ulichukua kijiko kidogo, ukamgusisha mtoto mdomo wa chini, ukasubiri. Akanywa. Tangu hapo bibi aliuachia kazi nyingi. Wakati wa kumwogesha mtoto, mkono ulitumbukiza kiwiko majini kwanza, na maji yakiwa ya moto mno ulipiga ukingo wa beseni mara mbili.

Hata hivyo walikorofishana. Bibi alipenda kumlaza mtoto kifudifudi, na mto mlaini kichwani. Kila alipogeuka, mkono ulimrudisha mtoto chali na kuutupa mto sakafuni.

"Mkono wako una kiburi," bibi alimwambia mshonaji jioni. "Sijui umekitoa wapi."

"Kwako, mama."

Bibi akacheka mpaka akavua miwani.

Mhudumu wa afya alipowatembelea, alimpima mtoto uzito, akaridhika, akausalimia mkono kwa kuushika. Alisema kulala ni chali, tena bila mto, hapo mkono uko sahihi. Ila mtoto akiwa macho alazwe kifudifudi dakika chache kila siku, shingo ipate nguvu, na mtu awe karibu. Bibi akasema kumbe hata yeye alikuwa sahihi nusu. Mkono haukubisha.

Kwa ajili ya hizo dakika chache mshonaji aliunda mkeka nyumbani, kwa vitambaa vilivyotupwa na kiwanda. Samaki alitoka na jicho moja kubwa kuliko jingine. Mtoto alimpenda huyo huyo.

Jioni mkono ulirudi mahali pake, na kwa uvuguvugu wake mshonaji alijua mchana ulivyokwenda. Asubuhi ulibaki. Wiki zikaenda hivyo.

Siku moja, mtoto akiwa amefikisha miezi mitatu, mshonaji alikuwa anavuta nyota kiwandani aliposimama ghafla.

"Kuna nini?" aliuliza msimamizi.

"Ameshika."

"Nani?"

"Mwanangu. Ameshika kidole changu, ananivuta."

Msimamizi alitazama saa, akamruhusu asimame dakika moja. Kisha akamruhusu nyingine. Mshonaji alisimama akitabasamu, huku vidole vitano vidogo vikimkaza mahali ambapo pale kiwandani hapakuwa na kitu.

Wiki iliyofuata, tangazo lilibandikwa mlangoni: wafanyakazi wanaoacha viungo nyumbani watoe taarifa siku tatu kabla, ili wapangiwe kazi zinazofaa. Wanawake walilisoma wakaingia kazini.

Wakati wa chai, mpakiaji wa maboksi, ambaye tumbo lake lilikuwa la miezi minane, alikuja kukaa karibu na mshonaji.

"Dada, nikirudi kazini niache nini?"

"Kwako yupo wa kumshika?"

"Shangazi. Ila mikono yake inatetemeka."

Mshonaji alifikiri. "Basi na wewe acha mkono."

"Bila mikono miwili boksi halibebeki. Nimefikiria mgongo. Watoto wanapenda mgongo."

"Bila mgongo utakaaje hapa kutwa nzima?"

Mpakiaji aligeuka, akavitazama viti vya kiwanda, mstari hadi mstari.

"Kwani vina pa kuegemea?"

Wakacheka wote wawili, wakamaliza chai yao, na kengele ikalia.