Ngoto ya Mwanaheri

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Mwanaheri alifika kando ya mto, Mwembesongo, na keni zake mbili za kumwagilia, akakuta matuta yake ya mchicha yamezungushiwa uzio. Uzio una geti, na geti lina mlinzi, kakaa juu ya kiti cha plastiki chenye miguu mitatu, analinda mchicha kama benki.

"Shikamoo mama. Jina lako?"

"Wewe Kasimiri! Toka umeshuka kutoka milimani Mgeta unakula mchicha wangu, leo jina langu hulijui?"

"Mimi nalijua, mama. Daftari ndilo halilijui."

Juu ya geti palikuwa na bango: BUSTANI YA JAMII. Chini ya maandishi, Mwanaheri mwenyewe, kashika fungu la mchicha, anacheka mpaka magego.

"Si mimi huyo?"

"Ni wewe. Ila iliyoruhusiwa ni picha."

Kosa alilifanya mwezi wa tatu. Dada Glory wa mradi wa bustani alikuja na Mzungu wao, wakaomba kipande walime pamoja, wakatoa doti ya khanga na kilo mbili za sukari. Sasa, kwa Waluguru shamba hushuka kwa upande wa mama, na hili alilifyeka mama yake Mwanaheri likiwa matete matupu. Mgeni akitaka kulima huleta ngoto, zawadi ya kukiri kwamba ardhi ina wenyewe. Mwanaheri akaipokea kwa mikono miwili, akapiga na vigelegele. Wakampa karatasi, akabonyeza dole gumba, moyoni akijua ni wao wanaokiri. Karatasi ilisema amelipwa fidia na ameondoka kwa hiari.

Gari jeupe likafika. Kasimiri aliruka kufungua, kiti kikaanguka. Akaingia Mzungu, nyuma yake mama mmoja wa Forest, mtaa wa wenye nazo, mwenye glavu za rangi ya waridi, kaja kulima kupunguza mawazo.

"Mbona hao hujawauliza majina?"

"Mama, yule ngozi yake ndiyo kitambulisho. Na huyu, gari."

Glory alishuka mwisho. "Mama Mwanaheri jamani! Za siku? Tumepanda letusi, utapenda. Ile michicha iliyozeeka kule nyuma tumeing'oa, ilikuwa inaharibu mandhari."

"Ile nilikuwa nimeiachia mbegu," alisema Mwanaheri polepole. "Mbegu ya mama yangu."

"Usijali, mbegu tunazo za pakiti!"

Mwanaheri alirudi nyumbani, akafungua sanduku, akatoa ile khanga, bado na mikunjo ya dukani. Sukari ilishaishia kwenye chai ya wajukuu, kwa hiyo akapita dukani kwa Abasi akakopa kilo mbili. Saa nne alikuwa getini tena. Akaviweka vyote chini, katikati ya njia, akasimama wima.

"Narudisha ngoto yenu. Tokeni kwenye shamba la mama yangu."

Glory aliweka mkono kifuani. "Jamani, katuletea zawadi! Mama, subiri hapohapo." Akatoa simu. "Cheka kidogo basi, kama pale kwenye bango."

Mwanaheri hakucheka. Simu ikalia kacha, kacha, kacha.

Kasimiri, ambaye peke yake alielewa kwamba wageni wameshafukuzwa, alivua kofia, akainamisha kichwa. Kisha akafunga geti, Mwanaheri akiwa nje.