Ukuta Mkono wa Kulia

Nalala mchana juu ya paa, kati ya aprikoti ninazozianika, na karatasi ya mkandarasi nimeilalia ubavuni. Anataka dole gumba langu tu. Hapa kijijini kwetu, milimani Ladakh, wote wameshaweka. Nimebaki mimi, Angmo. Nikiweka, kesho ukuta wa mawe yaliyochongwa maneno ya sala unavunjwa ili barabara ipite, na jiwe moja la ukuta ule alilichonga marehemu mama yangu. Usingizi unanichukua, na paa linakuwa barabara.

Natembea. Barabara haina mwisho, milima inapishana kama mbuzi, na ziwani chini kuna mji uliopinduka, bendera za sala zikipepea miguu juu. Mbele yangu yuko mtu asiye na uso. Namuuliza, mama yuko wapi? Anajibu, yuko pale ambapo anayefika hajaondoka. Acha mafumbo, namwambia, nimekuuliza swali la kawaida. Ananyoosha mkono: ukuta wetu umekatiza bonde lote. Uache mkono wa kushoto, anasema, hatua tatu tu utamkuta. Mkono wa kushoto! Kwetu hata mlevi hakosei hilo. Ukuta wa sala unauacha mkono wa kulia, hata kama utazunguka mchana kutwa. Kisha namsikia mama. Anakohoa upande wa pili, kile kikohozi chake cha moshi wa jiko, na moyo unaniuma. Njoo, Angmo, sauti inaita, fupisha njia. Hapo nakasirika, nakasirika kweli, maana mama hakuwahi kukatiza ukuta ule, hata siku aliyobeba kuni akiwa na homa. Wewe si mama, nasema. Naugeukia ukuta, nauweka mkono wa kulia, naenda. Unarefuka, naenda. Mtu asiye na uso anapiga kelele kwamba sitafika. Basi nisifike! namjibu, huku nikipapasa jiwe baada ya jiwe, mpaka kidole kinaingia kwenye herufi ninazozijua.

Nashtuka. Kidole kina vumbi, la jiwe au la paa, sijui. Chini mtu ananiita: Dada Angmo, umeshaweka dole? Jua liko nyuma yake, uso wake siuoni, na barabara aliyojia ni ndefu kuliko nilivyoiacha. Sijui kama nimeamka. Nachukua ile karatasi, nafungia aprikoti zilizooza, namrushia. Ukitaka kuongea na mimi, namwambia, rudi uzunguke, na ukuta uuache mkono wa kulia.