Kitanda Namba Kumi na Moja

"Unamwona nani?" mlinzi wa getini aliniuliza.

Alikuwa mgeni pale. Hakujua kwamba nimelipita geti hilo miaka thelathini na moja nikiwa muuguzi, na kwamba ndani waliniita Sista Sabuni, kwa jinsi nilivyowaandama watu wanawe mikono.

Nilikuwa nimestaafu miezi miwili. Mume wangu alishatangulia, watoto sikujaliwa, na ndugu yangu wa pekee hunikumbuka akiwa na shida. Siku hiyo nilikuwa nimepiga deki mara mbili sakafu ambayo hakuna aliyeikanyaga ila mimi. Ilipofika saa kumi jioni, saa ya kuona wagonjwa, miguu ikanileta yenyewe. Mazoea yana tabu.

"Wodi ya wanawake, kitanda namba kumi na moja," nikajibu bila kufikiri.

Akanipisha. Kumi na moja ndicho kilicho jirani na meza ya wauguzi, na enzi zangu niliwalaza hapo wasio na mtu, ili kila anayefuata kalamu mezani alazimike kuwajulia hali. Nilikuwa na hakika nitamkuta mtu wa kukaa naye.

Nilikuta ukoo mzima. Mashangazi watatu, chupa mbili za chai, na mjomba anayesimulia operesheni yake mwenyewe kana kwamba aliyelazwa ni yeye. Wakanitazama kama mtu aliyekosea harusi. Nikawapa pole, nikarudi nyuma. Nilitaka kulia, na mimi si mtu wa kulia.

"Shikamoo, Sista!" Alikuwa binti niliyemfundisha mwenyewe kutandika kitanda, sasa anasukuma toroli la dawa. "Umekuja kumwona nani?"

"Marahaba. Napita tu."

"Karibu, Sista. Nakuja sasa hivi." Hakuja. Walikuwa wawili kwa wagonjwa arobaini, ningemlaumu vipi?

Nilipogeuka niondoke nikamwona bibi mmoja nyuma ya mlango, kitanda cha mwisho, ameelekea ukutani. Saa ya wageni, asiye na mgeni hugeukia ukuta akajifanya amelala. Hilo nililijua kabla sijawa muuguzi. Nilikuwa na miaka kumi mama yangu alipolazwa, na kila nilipochelewa nilimkuta hivyo. Siku moja tu nilimkuta anacheka. Muuguzi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amemshika mguu, hana sindano wala dawa mkononi, wanapiga soga. Mama alifariki wiki ile ile, lakini mimi kazi yangu nilikuwa nimeshaichagua.

Kisha chuoni wakanifundisha kwamba kitanda cha mgonjwa si kiti, nami nikaishika sheria hiyo kuliko walioitunga. Tangazo liko ukutani mpaka leo, kwa mwandiko wangu: HAKUNA KUKAA KITANDANI. Nimewatimua waume, mama wakwe, hata kasisi mmoja.

"Shikamoo, mama," nikamwambia yule bibi.

"Marahaba. Umekosea kitanda, mwanangu. Mimi sina mtu wa kuja."

"Sijakosea."

Akageuka. Akanikagua viatu, mkoba, mikono mitupu.

"Mgonjwa wako yuko wapi?"

"Sina."

"Huna mgonjwa, unatafuta nini huku kwenye harufu ya dawa?"

"Sina mtu, mama." Maneno yalinitoka kabla sijayazuia. Sikuwa nimemwambia yeyote, hata dada wa jirani anayeniuliza hali kila asubuhi.

Hakunipa pole. Nikaangaza macho nitafute kiti, lakini viti vyote vilikuwa vimechukuliwa na ukoo wa kumi na moja. Nikabaki nimesimama, kama nilivyosimama mbele ya vitanda vya watu maisha yangu yote. Yule bibi akashika nguo yake penye goti, akauvuta mguu mmoja kuelekea ukutani. Akapumzika. Akauvuta na wa pili. Jasho lilimtoka. Mkono wangu ulitaka kumsaidia, akausukuma. Halafu akapigapiga shuka pale palipobaki wazi.

"Kaa basi. Utachoka."

Nikaliangalia tangazo, naye akafuata macho yangu.

"Hilo achana nalo," akasema. "Aliyeliandika hajawahi kulazwa."

"Hajawahi," nikamjibu, nikakaa.